Lile Kopo la Magadi Kabatini

Neema alinipigia simu juzi na kuniuliza, kwa adabu zote za mtoto aliyelelewa vizuri, kama nilisahau vitu vyangu vya jikoni kazini.

"Shikamoo mama. Tunafanya usafi kwenye kabati la sarafu. Rafu ya chini tumekuta kopo la magadi. Tulitupe?"

Nilimjibu marahaba, halafu nikapiga ukelele uliowatimua kuku wangu barazani. Msilitupe! Na kwa kuwa najua mtu akikatazwa bila kuelezwa sababu hungoja tu ugeuze mgongo, nimeona nikae chini niwaandikie, wewe Neema na mwenzako Godlisten, ninyi wawili mliokabidhiwa chumba kile cha misheni hapa Kilema. Nimefanya kazi mle miaka thelathini na mmoja. Mtanivumilia nikirukaruka, maana kumbukumbu za mzee ni kama kuku wa kienyeji, hazitagi mahali pamoja.

Mgeni akisikia kuna sarafu za kale za Kiroma huku mlimani, huja amejiandaa kuona dhahabu. Mmeshaziona nyuso zao zinavyoshuka. Zetu ni shaba, kubwa yake kama ukucha wa kidole gumba, ndogo yake kama punje ya hindi. Ni za makaisari wa mwishomwisho, wakati dola ile ilikuwa imeshaanza kuchoka na hela yake inasinyaa kila akiingia mtawala mpya. Mjomba wangu alipoziona mara ya kwanza aliuliza zinanunua nini. Nikamwambia hata kiberiti hazinunui.

"Sasa wewe Apolonia unalipwa kuosha hela zilizokufa?"

"Ndiyo mjomba. Na zilizo hai je, wewe umeziosha lini?"

Akaenda zake kutafuta kiberiti.

Mwenye kuzikusanya alikuwa Padre mmoja aliyetoka Ulaya akiwa kijana kuja kufundisha Kilatini seminari, akazeekea hapahapa. Watu walimwita Padre Kutu. Alilijua jina hilo na alilipenda. Sarafu alizipata kwa barua: wenzake wa huko walimtumia bahasha za udongo, maana ndivyo zinavyotoka ardhini, kila sarafu imejifunga ndani ya donge lake. Bahasha ikifika posta alishuka Moshi mwenyewe, akirudi anazimwaga mezani na kusugua viganja kama mtoto aliyeletewa mandazi. Huwezi kujua ndani ya donge kuna nani. Anaweza kuwa kaisari mwenye taji la lulu, anaweza kuwa kipande cha shaba kisicho na jicho wala pua.

Mimi nilikuwa binti wa kufua nguo za altare. Siku moja alinikuta natoa nta ya mshumaa kwenye kitambaa kwa ncha ya sindano, uzi kwa uzi, wakati wenzangu walikuwa wanaikwangua kwa kisu wapate kwenda nyumbani. Akasimama kunitazama mpaka nikaona haya.

"Apolonia," akasema, "wewe una ugonjwa kama wangu. Njoo nikuoneshe kitu."

Ndivyo nilivyoajiriwa, hakukuwa na usaili mwingine.

Somo la kwanza lilikuwa kuloweka. Donge huwekwa kwenye maji ya mvua yaliyochemshwa yakapoa, unabadilisha kila baada ya siku kadhaa, na huna haraka. Usitumie maji ya mfongo, hata kama yanatoka juu msituni na unayaona yanang'aa. Mfereji unapita kwa watu na kwa ng'ombe, na unabeba mambo yao yote. Udongo ukishalainika unautoa kwa mswaki wa mtoto, na kwenye herufi unatumia mwiba wa mlimau. Godlisten, nimesikia una seti ya vyuma vya daktari wa meno. Viweke. Chuma hakina huruma, lakini mwiba ukikutana na shaba unakubali kushindwa, na sisi tunataka kifaa kinachokubali kushindwa.

Somo la pili lilikuwa ngozi. Sarafu iliyokaa ardhini miaka zaidi ya elfu moja na mia tano hujifanyia ngozi, ya kijani, ya hudhurungi au nyeusi. Mtu asiyejua huiona uchafu. Kumbe sura ya kaisari na maandishi yake mara nyingi vimebaki ndani ya ngozi hiyo tu, chini yake ni shaba iliyoliwa. Ukiichuna, umemchuna na kaisari.

Hilo niliambiwa siku ya kwanza. Nilirudia kwa sauti kama katekisimu. Lishikeni, maana tutarudi hapo.

Kukosea nilikosea mapema. Mwezi wangu wa kwanza nilimwaga maji ya kulowekea kwenye maua bila kuangalia vizuri, na sarafu moja ikaenda nayo. Nilikesha? Hapana, nilichutama. Siku mbili nzima nachunga udongo wa yale maua kwa kichujio cha chai. Siku ya pili Padre alileta kiti akae anicheke, baada ya nusu saa akakiacha kiti na kupiga magoti kando yangu, kanzu yote udongo. Tuliipata. Ni ile iliyo trei ya tatu, pembeni kabisa, imesagika hata huwezi kujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Mkiipita ipeni heshima, imekula magoti yangu.

Kusoma sarafu nilijifunza taratibu. Kilatini sikijui, lakini herufi za chini kabisa, zile ndogo, ndizo zinazotaja mji ilikogongwa, na nilizikariri kama mtu anavyokariri namba za mabasi. Nilijifunza pia kuwatazama wale askari wawili wa upande wa nyuma. Mwanzoni wamesimama na bendera mbili katikati yao. Sarafu zikaja zikapunguzwa ukubwa, na bendera ikabaki moja, nafasi haitoshi. Padre aliwachekesha sana wageni kwa hilo. Alisema serikali ikiishiwa utaiona kwenye mambo madogo.

Sasa nifike kwenye magadi.

Katika sarafu zote, moja haikuwa na trei. Ilikaa peke yake kwenye bahasha ya karatasi ndani ya mtoto wa meza yake. Ina lango la kambi lenye minara miwili na nyota juu. Baba yake Padre aliiokota shambani kwao akilima, mtoto akiwa na miaka minane. Mzee huyo alipofariki, shamba lilikwenda kwa kaka mkubwa, na Padre akapewa sarafu. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha baba yake. Na ilikuwa nzuri, lazima niseme. Ngozi yake ilikuwa nyeusi ya kuelekea hudhurungi, laini, na ilikuwa na mng'ao wa ndani ambao sijauona kwenye nyingine yoyote. Kila sikukuu aliitoa kuwaonesha wageni.

Mwaka wangu wa tatu kazini alikwenda likizo kwao, na akirudi tu ingekuwa jubilei yake ya upadre. Misheni nzima ilikuwa inapakwa chokaa. Mimi nilipewa vinara vya shaba vya altare, na vinara sisi tunavisafisha kama mama zetu walivyotufundisha: ndimu, chumvi na majivu, unasugua mpaka unajiona uso. Nilimaliza vyote, vinang'aa, nasifiwa na kila anayepita. Mikono imeshapata moto wa kazi na ndimu imebaki nusu. Shetani si lazima aje na pembe, wanangu. Siku nyingine anakuja na nusu ya ndimu.

Nilifikiri nitapitisha kidogo tu, lango lile lionekane vizuri siku ya jubilei. Nikafungua mtoto wa meza. Nilisugua mara tatu, labda nne. Kitambaa kikatoka cheusi tii, na kikatoa harufu fulani niliyoijua kabisa lakini sikuweza kukumbuka naijulia wapi. Nikajiambia hiyo ndiyo harufu ya Roma. Nilipotazama sarafu, ilikuwa ya waridi kama mtoto wa panya.

Nililia, na mtu wa kumwambia sikuwa naye. Halafu nikafanya jambo ambalo nadhani hakuna mtaalamu wa sarafu duniani angelifikiria, isipokuwa awe amezaliwa kihambani, kwenye shamba la migomba. Ninyi mmevaa nguo mkakata migomba, mnajua utomvu wake. Unatoka kama maji, ukikauka unakuwa hudhurungi, na nguo hiyo hata uifue kwa machozi haitoki doa. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakata ua la mgomba, nikaipaka sarafu utomvu kwa unyoya wa kuku. Nikaianika, nikapaka tena. Baada ya mara tano ilikuwa imerudi nyeusi ya hudhurungi. Mng'ao ule haukurudi, lakini rangi ilirudi.

Padre alirejea. Macho yake wakati huo yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na kisu cha daktari alikiogopa kuliko dhambi. Aliitoa bahasha, akaipapasa sarafu kwa kidole na kutabasamu. "Rafiki yangu," akaiambia. Mimi nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ningesema siku ile, yangekwisha siku ile. Sikusema. Ikapita wiki, ukapita mwezi, na kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi, kwa sababu sasa kosa si ndimu tena, kosa ni kunyamaza. Nilikaa hivyo miaka sita. Nilijifunza kazi vizuri, nikawa naaminiwa na funguo zote, na kila aliponisifu mbele ya wageni nilipata vikombe vya kuosha.

Mwaka wa saba wa siri hiyo masika ilikuja mapema, na hasira. Huku juu mnakujua, ukungu unaingia mpaka kwenye mchele. Siku moja nikafungua bahasha na kukuta unga wa kijani. Si ile ngozi ya kijani ngumu, ni unga, kijani cheupe, laini, unadondoka ukiugusa, na chini yake kuna kishimo. Nikaufuta. Baada ya siku nne umerudi, na vishimo vimekuwa vitatu, kimoja kimeshafika kwenye mnara wa lango. Padre alikuwa amenieleza zamani habari za ugonjwa wa shaba. Chumvi ikishaingia ndani ya sarafu, unyevu kidogo tu unaiamsha, inaila shaba kidogo kidogo mpaka inabaki vumbi. Chumvi! Nani aliyeipaka chumvi, kama si mimi?

Na siku hiyohiyo, Jumatano ya Majivu, Padre akaniita barazani. Alisema wakubwa wake wanamwita arudi kwao akapumzike, ataondoka baada ya Pasaka.

"Sarafu zote zinabaki hapa, wewe ndiye mwenye nazo," akasema. "Mimi nitachukua ile ya baba tu. Niandalie vizuri, isisafiri na vumbi."

Vumbi, alisema. Nilipakwa majivu ya siku ile kwenye paji la uso nikiwa najua kabisa nina majuma saba, baada ya hapo nitamkabidhi mzee huyu kumbukumbu ya baba yake ikiwa imegeuka unga kwa mkono wangu.

Kwenye vitabu vyake nilitafuta picha, kwa kuwa lugha sikuijua. Nikaipata sarafu yenye upele uleule. Nikaufunga ukurasa kwa utepe na kukibeba kitabu mpaka kwa Mwalimu Temba, aliyekuwa anafundisha kemia sekondari. Alikuwa mtu wa utani mwingi na chaki kwenye nyusi. Akasoma akinitafsiria: sarafu ilowekwe kwenye dawa fulani, majuma mengi, dawa ibadilishwe kila juma, itaivuta chumvi nje. Jina la dawa lilikuwa refu kama treni.

"Hii tunaipata wapi, Mwalimu? Nairobi?"

Akalisoma tena lile jina, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Mae," akaniita, kama tunavyowaita akina mama huku, "nyumbani kwako maharage ya kiburu cha ndizi unayalainisha na nini?"

"Na magadi."

"Basi ndiyo hiyo dawa. Wazungu wameipa jina la ubatizo tu."

Nilitamani kumkumbatia. Nilishuka Kiboriloni kesho yake, nikamkuta mama anayeuza magadi kwa makopo pale sokoni, nikachagua meupe, nikarudi mbio. Sarafu nikaiweka kwenye bilauri, juu ya kipande cha chandarua ili isikae chini kwenye mashapo, nikaiambia ivumilie. Kila Ijumaa nilikwenda na chupa ya maji yaliyotoka kwenye bilauri, Mwalimu anayapima. Alitia tone la dawa moja ya kuyatuliza magadi, kisha tone la dawa ya pili. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, chumvi bado ipo. Yakibaki maangavu, imekwisha.

Ijumaa ya kwanza yalikuwa maziwa. Nikafurahi, nikajua chumvi inatoka. Ijumaa ya pili maziwa, ya tatu maziwa yaleyale mazito. Kule Kiboriloni yule mama alishaanza kunitania. "Mae, una watu wangapi nyumbani? Unapika kiburu cha harusi Kwaresma yote?" Na huku Kilema maneno yalishatangulia, kwamba Apolonia wa Padre Kutu anachemsha hela ili zizae.

Ijumaa ile ya tatu Mwalimu hakucheka. Alikaa akitazama ile bilauri ndogo ya maziwa. Kisha akauliza, "Umeniletea magadi yenyewe? Yale ambayo hayajagusa sarafu?" Nilikuwa nayo mfukoni, kipande. Akakiyeyusha, akatia matone yake. Maziwa matupu.

Kumbe magadi yetu, kama yanavyotoka ziwani, yana chumvi yake ndani. Nilikuwa namtibu mgonjwa kwa ugonjwa uleule. Ijumaa tatu zimekwenda na maji, na niliketi kwenye benchi la wanafunzi nikasema wazi kuwa nimeshindwa, nitamwambia Padre sarafu imeibwa. Ndiyo, nilifikia hapo. Mtu mwoga akikosa mlango wa kutokea huanza kutoboa ukuta.

Mwalimu ndiye aliyenirudisha. Alinifundisha kuyasafisha magadi, na hii ndiyo sababu ya kopo, Neema, kwa hiyo soma taratibu. Unayayeyusha magadi kwenye maji ya moto ya mvua, unayachuja kwa kitambaa safi kutoa udongo, halafu unayachemsha yapungue na kuyaacha yapoe. Yatajifunga vipande vyeupe chini. Vile vipande ndivyo unavyotaka. Maji yanayobaki juu ndiyo yenye chumvi, yamwage mbali. Unavisuuza kidogo, unarudia kazi yote mara ya pili na ya tatu, na mwisho unayapima kwa yale matone. Kwenye kopo moja la Kiboriloni nilipata magadi safi yasiyojaa kikombe. Nilifanya hivyo jioni tatu mfululizo, jikoni kwangu, wanangu wakilalamika kwamba jiko lina kazi zote isipokuwa chakula.

Ijumaa ya nne tulianza upya. Ijumaa ya tano maji yalikuwa meupe, lakini meupe ya maziwa yaliyotiwa maji. Ya sita yalikuwa kama ukungu mwepesi. Ijumaa Kuu Mwalimu alinifungulia maabara japo shule ilikuwa imefungwa, tukasimama wote wawili kama watu wanaotazama sufuria ya uji. Tone la kwanza, kisha la pili. Maji yakabaki maji.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Maangavu. Nilikaa chini sakafuni na gauni langu la Ijumaa Kuu.

Sikuridhika bado, na ninyi msiridhike kirahisi. Niliisuuza sarafu kwa maji ya mvua, nikaikausha kwenye bati lenye joto, halafu nikaifungia kwenye chupa ya jemu pamoja na pamba yenye unyevu. Kama chumvi imebaki hata punje, unyevu utaiita na kijani kitatokea. Nikaifungua Jumatatu ya Pasaka asubuhi. Hakuna kitu. Utomvu ulikuwa umekwenda wote, unga umekwenda, na sarafu imebaki hudhurungi kavu kama punje ya kahawa iliyokaangwa. Vishimo vitatu vipo. Lango lipo, minara ipo yote miwili, nyota ipo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Ningeweza kuiweka kwenye bahasha na kunyamaza. Macho yake yasingeona. Lakini nilishachoka, sina neno jingine. Nilikwenda barazani kwake mchana ule ule.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina. Mbona umevaa uso wa mazishi siku ya Pasaka?"

"Nimekuja kuungama. Lakini hapa hapa, si kule kwenye kiti cha maungamo, kwa sababu nataka unione."

Nikamwambia. Ndimu, chumvi, majivu, utomvu wa mgomba, miaka sita, unga wa kijani, magadi. Hata lile wazo la kusema imeibwa nilimwambia. Nilipomaliza nikaweka sarafu juu ya leso mbele yake na kungoja. Aliichukua, akaisogeza kwenye lenzi na jua, akaigeuza. Akaigeuza tena upande wa lango.

"Siku ile ulipoisugua," akasema, "kitambaa kilitoka rangi gani?"

"Cheusi, Padre."

"Cheusi sana?"

"Tii. Na harufu."

"Harufu gani?"

Nikafunga macho niikumbuke, na safari hii ikaja yenyewe, pamoja na baba yangu amekaa kizingitini Jumapili asubuhi na brashi mkononi. Nikamtazama Padre nikiwa na woga wa kulitamka.

"Kama rangi ya viatu."

Padre Kutu aliweka lenzi chini. Mabega yakaanza kutikisika, sikujua ni kicheko au kilio, na nadhani vilikuwa vyote. Baba yake, alisema, siku alipoiokota ile sarafu aliingia nayo jikoni na kuisugua kwa siki na chumvi mpaka ikawa ya waridi. Mama yake aliporudi na kuona, alimfokea mumewe kwamba ameharibu kitu cha mali. Mzee kwa aibu akachukua rangi ya viatu vya kanisani, akaipaka, akaifuta, akaipaka, siku baada ya siku, mpaka ikapata mng'ao ule. Mtoto aliona yote akiwa chini ya meza. Baba akamwapisha asimwambie mtu, na hakumwambia mtu. Wataalamu walimsifia ngozi ile, akawaitikia kwa kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusikia.

"Ngozi uliyoichuna wewe, Apolonia, haikuwa ya Roma. Ilikuwa ya dukani."

"Na chumvi je?"

"Mle ndani mlikuwa na chumvi ya baba yangu na chumvi yako. Nani atazitenganisha? Umeshazitoa zote."

Siwezi kuwaeleza wepesi nilioupata. Ni kama umebeba mkungu wa ndizi kutoka bondeni, shingo imekufa ganzi, na mtu anautua nyuma yako bila kukuambia. Unayumba kidogo kwa kukosa uzito. Nilicheka mpaka kilemba kikafunguka. Yeye naye alicheka, mzee mwenye siri ya miaka sitini, na mpishi alichungulia akidhani tumeonja mbege.

Halafu akaichukua sarafu kwa vidole vyake vitupu, vyenye jasho, vile vile alivyonikataza tangu siku ya kwanza, akaitumbukiza mfukoni mwa shati bila karatasi wala pamba, akaupigapiga mfuko. Nilifungua mdomo nimkemee. Nikaishia kucheka tena.

Basi kopo lile ni la magadi yaliyosafishwa, kwa wagonjwa tu. Sarafu yenye afya msiiguse nayo, yataipotezea rangi, na siku hizi kuna wataalamu wenye dawa nyingine, waulizeni kwanza. Vile vifuko vya kukaushia unyevu endeleeni kuviomba kwa wauza viatu wa Kiboriloni, wananijua. Mkiharibu kitu, na mtaharibu, semeni siku hiyohiyo kabla ndimu haijakauka. Na mkipata sarafu ambayo ngozi yake inapendeza kupita kiasi, msiisifie haraka. Inuseni kwanza.